Babu yako yuko sawa: Gagarin, Glenn na kile kituo cha Wamarekani Unguja

Marahaba, na asante kwa swali, yaani hili ni katika maswali ninayoyapenda sana. Kwa faida ya wengine wanaosoma: umesema babu yako ni mtu wa Unguja na huwa anasimulia kwamba Wamarekani waliwahi kuweka "kituo cha roketi" kisiwani, watu wakaandamana kukipinga, ukaipeleka stori darasani wenzio wakakucheka. Halafu unauliza mtu wa kwanza alipoenda angani mwaka 1961 dunia ilipokeaje hasa, na kama ni kweli Marekani ilimpongeza Mrusi wakati walikuwa mahasimu, maana wewe huamini.

Babu yuko sawa. Kituo kilikuwepo na upinzani ulikuwepo. Cha kurekebisha ni kimoja tu, hakikuwa cha kurusha roketi, kilikuwa cha kusikiliza chombo na kuongea na mtu aliyemo ndani kikiwa kinapita juu, nitakifikia. Ila niruhusu nianze na Gagarin, maana bila yeye hutaelewa kwa nini watu wa Unguja waliona antena wakahisi harufu ya vita.

Yuri Gagarin aliruka tarehe 12 Aprili 1961 kutoka Baikonur, kituo cha kurushia roketi kule Kazakhstan, saa tatu na dakika saba asubuhi kwa saa za Moscow. Alikuwa na miaka 27. Akaizunguka dunia mara moja, dakika 108 mambo yote yakawa yamekwisha. Hiyo ndo sehemu inayojulikana. Ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba wakubwa wa Urusi walishaanza kuwaza diplomasia kabla kijana hata hajapanda chomboni. Kumbuka Mei 1960, yaani mwaka mmoja tu nyuma, Warusi walitungua ndege ya ujasusi ya Marekani, ile U-2, wakamkamata rubani Gary Powers akiwa hai na wakaifanya dunia nzima imjue. Sasa wao wenyewe wanataka kupitisha mwanajeshi wao, tena rubani wa ndege za kivita, juu ya nchi kibao bila kuomba ruhusa ya mtu. Akidondoka nchi ya watu je? Akikamatwa akaitwa jasusi?

Ndo maana mwishoni mwa Machi viongozi wa mradi waliiandikia Kamati Kuu ya chama wakishauri tangazo litolewe mara tu chombo kikishaingia kwenye mzunguko, Gagarin akiwa bado yuko juu. Sababu walizitaja wazi, kwamba ikibidi kumwokoa itakuwa rahisi kuomba msaada, na kwamba hakuna serikali itakayoweza kugeuka na kumwita mpelelezi. Shirika la habari la TASS likaandaliwa matangazo matatu kabisa kwenye bahasha, moja la furaha, moja la kuziomba nchi nyingine zisaidie kumtafuta, na moja la msiba. Zile herufi nyekundu CCCP (kifupi cha Kirusi cha jina la nchi yao, Umoja wa Kisovieti) unazoziona kwenye kofia yake husimuliwa kwamba zilipakwa rangi dakika za mwisho kwa hofu hiyo hiyo, ili mkulima yeyote atakayemkuta porini ajue ni mtu wa wapi. Kwa hiyo lile tangazo ambalo dunia ililisikia kama kelele za ushindi, kwa walioliandaa lilikuwa pia kinga ya kidiplomasia.

Aliyelisoma redioni ni Yuri Levitan, na hapa pana uzito, maana ndiye aliyekuwa akisoma taarifa za vita vya Hitler na ndiye aliyewatangazia ushindi mwaka 1945. Mrusi akisikia sauti ile anasimama. Vita ilikuwa imeisha miaka 16 tu, imeua zaidi ya watu milioni 20 wa nchi yao, na Gagarin mwenyewe utoto wake aliishi na familia yake kwenye handaki la udongo baada ya Wajerumani kuchukua nyumba yao kijijini. Sasa sauti ile ile inasema mtoto wetu yuko angani. Watu walimwagika mitaani Moscow bila kuitwa na mtu, wanafunzi wakaacha vipindi, wakaandika mabango kwa mkono, wageni wanakumbatiana barabarani. Siku mbili baadaye ndo ikaja sherehe ya kupangwa, ndege yake ikatua Moscow, akatembea kwenye zulia jekundu mbele ya Khrushchev, kiongozi wa Urusi. Ukiitazama ile filamu ya habari angalia miguu yake, kuna kitu kinaning'inia kwenye kiatu, watu wanabishana mpaka leo kama ni kamba ya kiatu au mkanda wa soksi, na yeye anatembea tu wima kama hakuna kitu. Mimi hicho kipande nakipenda sana, ndo mahali unapomuona mtu mwenyewe.

Jambo moja walilificha. Gagarin hakutua ndani ya chombo, alirushwa nje kikiwa kilomita kama 7 juu akashuka kwa parachuti yake mwenyewe, huko mkoa wa Saratov. Sheria za rekodi za kimataifa zilitaka rubani ashuke na chombo chake, kwa hiyo kwenye maswali ya waandishi walizungukazunguka na ukweli ukakaa kimya kwa miaka. Nalitaja hili kwa sababu ukisoma furaha ya 1961 lazima ujue pia watu walikuwa wanashangilia habari iliyochujwa.

Haya, Marekani. Saa kumi alfajiri mwandishi mmoja alimpigia simu msemaji wa wanaanga wa NASA (shirika la anga la Marekani), John Powers, huyu ni Powers mwingine usimchanganye na yule rubani, akitaka kauli yake. Jamaa katoka usingizini, kajibu kwa hasira kwamba sisi huku wote tumelala. Basi, magazeti yakaibeba hivyo hivyo, Warusi wamepeleka mtu angani, msemaji asema Marekani imelala. Ukitaka kujua wananchi wa Marekani walijisikiaje siku ile hicho kichwa cha habari kinakutosha. Walikuwa wameshaumizwa na Sputnik, setilaiti ya kwanza ya Warusi, mwaka 1957, sasa hili tena.

Na Rais Kennedy wa Marekani alipongeza, ndiyo. Siku ile ile, kwa telegramu kwenda kwa Khrushchev na mbele ya waandishi pia. Wewe unaona ajabu kwa sababu unafikiria pongezi kama kitu cha moyoni, lakini kati ya serikali na serikali pongezi ni tendo la kisiasa, na mwaka ule lilikuwa zito hasa. Fikiria Afrika na Asia nzima nchi zinapata uhuru moja baada ya nyingine, kila moja inaangalia ni upande gani una mustakabali. Marekani ikinuna inaonekana ndogo. Ikisema hongera inaonekana ina ubavu wa kukubali na inabakiza mlango wa kuongea. Ila ukimsikiliza Kennedy kwenye mkutano wake na waandishi siku ile unamsikia amechoka, alipoulizwa lini Marekani itawafikia Warusi akasema hata kama watu wamechoka, na hakuna aliyechoka kuliko yeye, jambo hili litachukua muda. Siku tano baadaye ikaja aibu ya Bay of Pigs, ule uvamizi wa Cuba ulioungwa mkono na Marekani ukashindwa. Tarehe 20 Aprili akamwandikia makamu wake Johnson kumuuliza ni eneo gani la anga ambalo tuna nafasi ya kuwashinda, na tarehe 25 Mei akasimama bungeni akasema kabla muongo haujaisha mtu atue mwezini. Unaona mwenyewe, kati ya hongera na ile ahadi ya mwezi hazikupita hata wiki saba.

Khrushchev naye hakuficha, kwenye simu na Gagarin alishasema nchi za kibepari zijaribu kutufikia.

Pokezi ninaloliona bora kuliko yote ni la Uingereza, Julai 1961, na hili watu hawalisimulii ipasavyo. Serikali ya London haikujua imfanyeje mgeni huyu. Ni shujaa, lakini ni meja wa jeshi la upande wa pili. Waliomwalika Manchester ni chama cha wafanyakazi wa viwanda vya kusubu chuma, kwa sababu Gagarin kabla ya urubani alisomea kazi hiyo hiyo, ya kutengeneza kalibu na kumimina chuma. Yaani mafundi wanamwalika fundi mwenzao. Mvua ya Manchester ikanyesha siku hiyo, watu wamejipanga barabarani wanalowa, na yeye akakataa gari lifunikwe, akasema kama wao wanasimama mvuani kwa ajili yangu na mimi nalowa. Akapita amesimama kwenye gari la wazi sare yote imelowa, kibao cha gari kimeandikwa YG 1. Serikali ilipoona umati ule ndo ikachangamka, Waziri Mkuu Macmillan akakutana naye, Malkia akamkaribisha chakula cha mchana Buckingham. Wananchi ndo walioiburuta serikali yao, maana itifaki ya awali haikuwa na mipango mikubwa hivyo.

Na Afrika? Kwanza kitu kizuri ambacho vitabu vya shule havisemi, injini ya kumpunguzia Gagarin mwendo ili arudi iliwaka akiwa anakaribia pwani ya Angola, kwa hiyo dakika zake za hatari zaidi, wakati sehemu ya mitambo ilikataa kuachana na ile sehemu aliyokaa na chombo kinajizungushazungusha, alikuwa juu ya bara letu. Chini yake Angola vita ya ukombozi ilikuwa imeanza miezi miwili tu nyuma, Congo Lumumba ameuawa Januari, na Tanganyika ilikuwa inasubiri serikali ya ndani tarehe 1 Mei na uhuru Desemba. Sasa mtu wa kizazi kile, aliyeambiwa na mkoloni kwamba bado hamjawa tayari, akisikia nchi ambayo miaka 40 iliyopita wengi wao walikuwa wakulima wasiojua kusoma leo imepeleka mtu angani kabla ya Marekani na Uingereza, lazima aisikie kwa namna yake. Moscow walilijua hilo vizuri. Mapema 1962 Gagarin alitua Cairo, Accra na Monrovia, akapokelewa kama mfalme. Hiyo ilikuwa Februari mwanzoni. Ushike huo mwezi.

Ndo tunafika Unguja.

Wamarekani walipopanga Mercury, mradi wao wa kupeleka mtu angani, walikuwa na tatizo la mawasiliano. Chombo kinazunguka dunia kwa dakika kama 90 na antena moja chini inakipata dakika chache tu kabla hakijazama upeo wa macho. Kwa hiyo walihitaji mnyororo wa vituo, wakaweka 18, viwili vikiwa melini, kuanzia Florida, Bermuda, visiwa vya Kanari, Kano kule Nigeria, halafu Zanzibar, halafu meli kwenye Bahari ya Hindi, halafu Australia na kuendelea. Ukichora ile njia kwenye ramani utaona Zanzibar iko pale pale panapotakiwa. Kituo kikajengwa upande wa Tunguu, kazi yake kuongea na mwanaanga kwa redio na kupokea vipimo vya chombo na vya mwili wake, mapigo ya moyo, presha, hewa.

Ila angalia nani aliyetia saini. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Mwingereza, makubaliano yakafanyika Oktoba 1960 kati ya Marekani na Uingereza. Na hiyo ni miezi mitano tu baada ya U-2, wakati kila mtu anajua kwamba Wamarekani walipodai ndege yao ni ya utafiti wa hali ya hewa walidanganya. Sasa wanakuja watu wale wale wanakwambia hizi antena ni za sayansi tu. Chama cha Hizbu, yaani ZNP, na hasa mrengo wa vijana wa kina Abdulrahman Babu, wakalipinga hadharani, wakasema hiki ni kituo cha kijeshi na kitatufanya sisi shabaha vita ikizuka. Neno "kituo cha roketi" analolitumia babu yako ndo hasa lilikuwa neno la mitaani la wakati ule, hajaliokota hewani.

Msimamo wangu ni huu na nimeufikia baada ya kuzisoma hizi habari kwa miaka. Kuhusu mitambo walikosea, pale hapakuwa na kombora lolote. Kuhusu swali lenyewe walikuwa sahihi kabisa, kwamba kwa nini ardhi yetu iingizwe kwenye mashindano ya mataifa mawili makubwa kwa saini ya London. Wanaosimulia maandamano yale kama ushamba wa watu wa visiwani walioogopa sayansi wanawaonea sana, na wenzio darasani wameirithi dharau hiyo bila kujua.

Basi tarehe 20 Februari 1962 John Glenn akaruka kutoka Cape Canaveral na chombo chake Friendship 7, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Juu ya Kano aliona vumbi zito la jangwa, wale wa chini wakamwambia lipo wiki nzima. Dakika chache baadaye yuko juu ya Zanzibar, ikiwa jioni saa kumi na mbili na kitu, na kwa kalenda ilikuwa katikati ya Ramadhani, yaani watu wa Unguja wako kwenye pilika za futari na nusu saa tu magharibi iingie, huku Tunguu daktari wa kituo anafuatilia mapigo ya moyo ya mtu anayevuta mpira wa mazoezi angani ili waone mwili unavumiliaje. Akaingia Bahari ya Hindi akaliona jua lake la kwanza kuzama. Mizunguko mitatu, saa tano kasoro dakika chache, akatua baharini. New York mamilioni walijaa barabarani tarehe 1 Machi kumpokea.

Na safari hii pongezi zikageuka upande. Kesho yake tu Khrushchev akamwandikia Kennedy kumpongeza, na ndani ya salamu akasema nchi zetu zikiunganisha nguvu zao za sayansi itakuwa faida kwa wote. Kennedy hakuiacha hiyo sentensi ipite. Tarehe 7 Machi akajibu na orodha ya mambo ya kushirikiana, setilaiti za hali ya hewa, ramani ya usumaku wa dunia, na moja ambalo kila nikilisoma namkumbuka mtu kama babu yako, alipendekeza kila nchi iweke kituo cha kufuatilia vyombo kwenye ardhi ya mwenzake. Yaani kitu kile kile kilichowekwa Unguja bila kura ya Mzanzibari sasa kinapendekezwa kiwekwe Urusi. Warusi hicho hawakukichukua, na sidhani kama kuna aliyewaita washamba. Lakini mengine yakaenda, wanasayansi wawili, Dryden wa Marekani na Blagonravov wa Urusi, wakakaa wakaafikiana Juni 1962 juu ya hali ya hewa, usumaku na majaribio ya mawasiliano. Ndo matunda ya kwanza halisi, na yalianzia kwenye telegramu za hongera ambazo wewe huziamini.

Hata ile hofu ya kuitwa jasusi ilikuja kupata dawa ya kisheria. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unamtaja mwanaanga kama mjumbe wa wanadamu wote, na wa 1968 unaitaka nchi yoyote atakayoangukia imwokoe na imrudishe kwao. Bahasha ile ya pili ya TASS haikuhitajika tena.

Kuhusu mwisho wa kituo, maana umeuliza kwa nini leo hakuna. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea Wamarekani waliokuwa kisiwani, pamoja na watu wa kituo, waliondolewa na manowari yao USS Manley. Marekani ikachelewa kuitambua serikali mpya mpaka tarehe 23 Februari, na huo ucheleweshaji uliwaudhi sana viongozi wapya, na Abdulrahman Babu, yule yule aliyekipinga kituo, sasa alikuwa waziri wa mambo ya nje. Aprili 1964 Rais Karume akaamuru kituo kifungwe na mitambo iondolewe, wiki chache tu kabla ya Muungano. Wamarekani wakahamishia kazi Madagascar karibu na Tananarive, na huko nako mwaka 1975 serikali mpya ya kimapinduzi ikakifunga ikiwadai Wamarekani malimbikizo ya kodi ya pango.